Bawa la Nyuma la Gari la Saketi: Anza na Dalili, Dukani Utaenda Baadaye

Kuanzia Novemba, joto la Dubai likianza kulegea na watu kurudi saketi, yaani kwenye njia za mbio, gereji yetu ya Al Quoz hupokea swali moja kila wiki: "Fundi, niweke bawa gani?" Anayeuliza mara nyingi ameshalinunua. Liko kwenye boksi, limelala kutoka kiti cha mbele hadi buti, na risiti yake imekunjwa mahali ambapo mkewe hataiona.

Msimu uliopita alikuja kijana mmoja wa Kimvita, mwenzetu, na Toyota 86 na bawa la urefu wa mita 1.8. Nikamuuliza: gari linakusumbua kona ipi, na kwa kasi gani? Akasema, "Kote kote, kaka." Nikamwambia aache boksi hapa, akaendeshe siku nzima bila bawa, aje na daftari. Alinuna, lakini alikwenda. Mambo mengi nitakayoeleza hapa tuliyapitia kwenye gari lake, kwa hiyo nitakuwa nikimrudia.

86 ya kizazi cha kwanza inafaa kwa mfano kwa sababu haina siri: nguvu ya farasi 200, uzito kama kilo 1,250, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,570. Ukiwa na MX-5, Cayman au Impreza, badilisha tarakimu, hesabu ni ileile.

Na tuelewane kwenye majina. Mtaani kila kilichosimama juu ya buti ni "spoila". Mimi nitavitenganisha. Spoila imeshikana na bodi, kazi yake ni kuiharibia hewa mteremko wa kule nyuma ili gari lisinyanyuliwe. Kile kimkia cha bata cha Porsche 911 Carrera RS ya 1972 ni spoila. Bawa limesimama hewani peke yake, hewa inapita juu na chini, nalo linatengeneza nguvu ya kulisukuma gari chini. Nguvu hiyo nitaiita mkandamizo. Ni bawa la ndege lililopinduliwa kifudifudi, na kazi kubwa inafanyika upande wa chini, ule ambao hakuna anayeupiga picha.

"Mkia unanikimbia kwenye kona ndogo"

Hapo bawa halihusiki. Chukua bawa la kawaida lenye urefu wa mita 1.5 na upana wa sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, umelifunga vizuri, hewa ni ya mchana wa selsiasi 40. Mkandamizo utakaopata ni kama huu:

- kilomita 80 kwa saa: kilo 13
- kilomita 120: kilo 28
- kilomita 160: kilo 50
- kilomita 200: kilo 79

Kasi ikiongezeka mara mbili, mkandamizo unaongezeka mara nne. Ndiyo maana kwenye kona ya 80 unapata kilo 13, pungufu ya ndoo moja ya maji, juu ya gari ambalo pamoja na dereva linakaribia kilo 1,330. Hutausikia. Kwenye kona ya 60 hata kuuhesabu ni kupoteza wino.

Mkia ukikimbia kona za polepole, pima upepo wa matairi mara tu utokapo saketi, yakiwa bado ya moto. Angalia umri wa matairi ya nyuma. Angalia stablaiza ya nyuma isije ikawa nene au imekazwa mno, angalia difu, kisha uangalie mguu wako wa kulia. Mteja wetu mmoja alitoa upepo kidogo kwenye matairi ya nyuma, akatulia kukanyaga mafuta hadi usukani unyooke, na bawa lake akaliuza likiwa bado ndani ya boksi. Wenzangu waliona nimeifukuza biashara.

"Kona za kasi nyuma kunaelea, na nikishika breki mwisho wa mnyoofu gari linatikisa mkia"

Dalili hii sasa ndiyo ya bawa. Gari la kawaida, kwa umbo lake, hunyanyuliwa na hewa kadiri linavyokwenda kasi. Unapokanyaga breki ukiwa kwenye 180, uzito unakimbilia mbele, na nyuma ambako tayari kulikuwa kwepesi kunazidi kuwa kwepesi. Audi ilipotoa TT ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1990, mkia wake wa duara ulipendeza kweli, lakini baada ya ajali za mwendo wa kasi kampuni iliyaita magari yale yarudi na kuyaongezea spoila ndogo ya nyuma, pamoja na marekebisho ya saspensheni. Ukiiona ile spoila utacheka ilivyo ndogo. Lakini ilitosha, kwa sababu shida ilikuwa kunyanyuliwa tu.

Kwa hiyo kabla ya bawa jiulize kama spoila haitoshi. Anayekwenda saketi mara tatu kwa mwaka na matairi ya barabarani, kimkia cha bata cha bei ndogo kinaweza kumaliza kesi.

Halafu hakikisha kweli ni hewa. Dalili ya hewa hukua na kasi: kwenye 120 ni mnong'ono, kwenye 160 ni ugomvi. Haijali kona inakwenda kulia au kushoto. Kama gari ni tulivu kona za kulia na linatapatapa za kushoto, basi ni bushi iliyokufa, shokapu inayovuja, au matairi ya nyuma hayajapangwa sawa. Kijana wa Kimvita aliporudi, daftari lake lilikuwa na mistari miwili tu iliyojirudia: "kona ya kasi, 150 hivi, mkia" na "breki ya mwisho, mkia". Kulia na kushoto. Hapo nikafungua boksi.

Sasa, kuchagua. Mimi huanza na karatasi, sianzi na umbo. Mtengenezaji anayejua kazi yake atakuonyesha bawa linatoa mkandamizo kiasi gani kwa kila digrii ya mwinamo, na linalipia ukinzani wa hewa kiasi gani. Bila karatasi hiyo unanunua pambo. Kwa gari la farasi 200, bawa la kipande kimoja lenye upana wa sentimita 25 hadi 30 linatosha kabisa. Yale ya vipande viwili, yenye kibawa kingine nyuma, ni ya magari yaliyo na splita kubwa mbele, yaani ule ubao unaotokeza chini ya bampa, na injini ya kusukuma. Urefu usizidi upana wa gari, na kama unashindana soma kwanza kanuni za daraja lako, kwa sababu nyingi huweka mpaka wa urefu na kimo. Lile la mita 1.8 lilizidi upana wa gari lenyewe, maana 86 ina milimita 1,775. Tulilirudisha dukani likabadilishwa na la mita 1.5, na kijana akanuna mara ya pili.

Miguu nayo ichague kwa makini. Kwa kuwa upande wa chini ndio wenye kazi, miguu inayoshika bawa kutokea chini inaichafua hewa palepale inapohitajika safi. Ndiyo sababu ya ile miguu inayopanda, ikajikunja na kulishika bawa kwa juu kama shingo ya bata maji. Ilizoeleka kwanza kwenye magari ya mbio za saa 24 za Le Mans, na Porsche wakaileta kwenye 911 GT3 ya mwaka 2021. Ukipata hela ya ziada, iweke hapo kabla ya kuiweka kwenye rangi ya kaboni.

"Tangu nifunge bawa, pua haikati kona"

Hongera, bawa linafanya kazi. Tatizo ni mahali lilipo.

Bawa la 86 linakaa kama sentimita 75 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hiyo ni mizani: ukikandamiza mwisho wa buti, ekseli ya nyuma inakuwa egemeo na pua inainuka. Kwenye 160, kilo 50 za bawa zinaondoa kama kilo 15 mbele. Ongeza kwamba hewa inalisukuma bawa kwenda nyuma likiwa juu, zaidi ya mita moja kutoka ardhini, na hiyo nayo inaiba kilo kama 3. Kwa hiyo matairi ya nyuma yamepata karibu kilo 68 na ya mbele yamepoteza 18. Dereva anasema pua imekufa. Haijafa, imeporwa.

Dawa zipo tatu, nami huzifuata kwa mpangilio huu. Kwanza punguza mwinamo, digrii mbili kwa wakati mmoja, uendeshe raundi tano, usikilize. Ni bure. Pili, ongeza mbele: ukuta wa chini ya bampa na splita ya ubao au alumini iliyotokeza sentimita tano hivi. Splita nyepesi iliyoshikwa kwa skrubu za bampa haisaidii kitu, itakunja mgongo kwenye kasi. Kipimo cha gereji ni kwamba mtu mzima asimame juu yake. Ikilia, rudia kazi. Tatu, sogeza bawa mbele kidogo ili mizani ipungue, ila usilisogeze hadi likaingia kwenye kivuli cha paa.

Shabaha ni nini? Ukijumlisha mkandamizo wote, mgawanyo wa mbele na nyuma uwe karibu na mgawanyo wa uzito wa gari, ukiegemea nyuma kidogo ili dereva asiwe na wasiwasi. 86 ina uzito kidogo zaidi mbele, kwa hiyo bawa peke yake bila chochote mbele litakupeleka kwenye pua nzito haraka sana. Ukikataa kabisa kugusa mbele, nunua bawa dogo au ridhika na digrii chache.

"Nimefunga, sioni tofauti yoyote"

Lalamiko hili lina sababu nyingi kuliko yote, na ndilo watu hulidharau, kwa sababu bawa linaonekana zuri kwenye kioo na hakuna anayetaka kuambiwa amebeba rafu.

Sababu ya kwanza ni kimo. Hewa inayotoka kwenye paa haiendi moja kwa moja nyuma, inateremka ikifuata kioo, na chini yake kuna hewa iliyovurugika. Bawa lililokaa sentimita 15 juu ya buti linaoga kwenye vurugu hiyo. Usikisie. Kabla hujanunua miguu, funga fimbo nyembamba wima nyuma ya buti, iwe ndefu kupita paa, ufunge kipande cha uzi wa sufu kila sentimita 10. Mwache mwenzio aendeshe nyuma yako kwenye saketi na kamera, wewe shika 100. Nyuzi za chini zitacheza kama mbuzi aliyefunguliwa, halafu kwa kimo fulani zitanyooka ghafla kama zimepigwa pasi. Bawa liwe hapo au juu zaidi. Uzi huo na fimbo vilitugharimu pungufu ya kikombe cha kahawa cha hapa mjini.

Wenye MX-5 wasikilize hapa: ukiendesha paa likiwa wazi, hewa inayofika nyuma imeshapigana na kichwa chako, viti na kioo cha mbele. Bawa lilelile litafanya kazi vizuri zaidi ukifunga paa gumu. Kama paa limebaki nyumbani, usilaumu bawa.

Sababu ya pili ni mwinamo kuzidi. Watu wa pwani hili halihitaji maelezo marefu. Ukilivuta tanga la jahazi mno, upepo unakatika nyuma yake, chombo kinalala upande na hakiendi. Bawa hali kadhalika: kadiri unavyoliinamisha mkandamizo unapanda, hadi mahali fulani hewa ya upande wa chini inachoka kufuata mviringo na inabanduka. Hapo mkandamizo unashuka, na ukinzani unapaa. Dereva anafikiri anahitaji digrii zaidi, anaongeza, anazidi kuharibu.

Tulifanya hivi kwenye gari la kijana. Tulikata nyuzi nyekundu za sufu zenye urefu wa sentimita 7, tukazibandika chini ya bawa kwa selotepu ya karatasi, safu tatu kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, kila sentimita 10. Kamera ndogo tukaifunga juu ya buti ikitazama juu. Bawa aliliweka digrii 12, kwa sababu rafiki yake alimwambia 12. Video ilipofunguka, nyuzi za pembeni kushoto na kulia zililala nyuma kimya, mfano wa nywele zilizochanwa. Za katikati, nyuma ya paa, zilikuwa zinazunguka, na zile za ukingo wa nyuma nyingine zilielekea mbele. Zilielekea mbele, gari likiwa kwenye 140! Hewa ilikuwa imebanduka theluthi nzima ya bawa.

Kwa nini katikati? Kwa sababu hewa iliyoteremka kutoka kwenye paa inalipiga bawa kutokea juu. Pima maji inasema digrii 12, lakini sehemu ya katikati, kwa jinsi hewa inavyoijia, imeinama zaidi ya hapo. Pembeni ambako hakuna paa mbele, 12 ni 12. Ndiyo maana kuna mabawa yaliyopindwa, katikati yakiwa yamelazwa zaidi kuliko pembeni. Kwa gari lenye paa la mteremko yana maana, siyo urembo. La kwetu lilikuwa nyoofu, kwa hiyo tulilishusha: 10, 8, 6. Kwenye 6 nyuzi za katikati zililala zote isipokuwa mbili za mwisho zilizokuwa zikitetemeka. Tukaacha hapo. Siku hiyohiyo dereva akasema nyuma kumetulia kuliko asubuhi, na mnyoofu umekuwa mrefu, yaani anafika kwenye breki akiwa na kasi zaidi.

Sababu ya tatu ni kupima vibaya. Mwinamo hupimwa kwa mstari wa kuwaza kutoka ncha ya ukingo wa mbele hadi ncha ya ukingo wa nyuma, haupimwi kwa kuweka simu juu ya mgongo wa bawa ulioviringika. Weka rula ndefu, juu yake pima maji ya kidijitali. Gari liwe mahali tambarare, mafuta yakiwa kama ya siku ya saketi, dereva ndani. Ukiinua nyuma ya 86 kwa milimita 45 tu, gari zima limeinama digrii moja, na bawa nalo limefuata.

Sababu ya nne ni uchafu wa upande wa chini. Nimeona bawa la bei ya mbaya limebandikwa stika nene ya mdhamini chini, kingo zake zimeinuka. Juu limepigwa nta hadi unajiona ndevu. Futa chini kwanza.

Ukitaka kujua kama mkandamizo upo kweli bila kununua vihisi, elekeza kamera kwenye pengo kati ya tairi la nyuma na bodi, uendeshe mnyoofu kwa 100 kisha kwa 160, kwanza bila bawa, halafu nalo. Kila tairi la nyuma likipata kilo 34 na springi inayohitaji kama kilo 3.5 kwa kila milimita, gari linapaswa kushuka karibu milimita 10 ukilinganisha na lilivyokuwa bila bawa kwa kasi hiyohiyo. Bandika kipande cha rula kwenye bodi ili usome. Usishike kona moja ukasema umepima, chukua wastani wa raundi kadhaa.

"Linacheza kwenye kioo cha ndani"

Simama. Hili usiliendeshe raundi moja zaidi.

Mei 1969, kwenye mashindano ya Formula One ya Hispania pale Montjuïc, Barcelona, Lotus za Graham Hill na Jochen Rindt zilipata ajali mbaya katika mbio hizohizo baada ya mabawa yao marefu, yaliyosimama kwenye vijiti vyembamba, kuvunjika. Mbio zilizofuata, Monaco, mabawa ya aina ile yakapigwa marufuku. Wazo lenyewe halikuwa baya. Mmarekani Jim Hall, kwenye gari lake la mbio Chaparral 2E la 1966, alilifunga bawa moja kwa moja kwenye sehemu inayoshika magurudumu, mkandamizo ukafika kwenye tairi bila kupitia springi. Kilichoharibu ni vijiti.

Gereji, makosa ni ya kawaida zaidi. Buti la gari ni bati jembamba lenye bawaba mbili na kufuli moja. Mtu anatoboa matundu manne, anaweka bolti na washa ndogo, anakaza hadi bati linazama. Baada ya siku mbili za saketi rangi inapasuka mistari kama utando wa buibui kuzunguka bolti. Siku ya tatu maji ya kuoshea gari yanaingia kwenye buti. Hata kabla halijavunjika limeshakuibia, kwa sababu buti likipinda bawa linabadilisha mwinamo wake kwa kasi ileile uliyolinunulia.

Chini ya bati weka kipande cha alumini cha milimita 3, kikubwa kama kiganja, kila upande. Tumia nati za kujifunga zenye nailoni ndani, na ukishazifungua mara kadhaa zitupe. Bora kuliko vyote, miguu ishuke ipite bampa na kushikwa kwenye boriti ya nyuma ya chesisi. Buti likawa kifuniko tu.

Kisha jaribu. Kwenye 200 tumehesabu kilo 79, na mitetemo ya vizingiti vya kona itaongeza. Tuliweka mifuko sita ya mchanga ya kilo 25 juu ya bawa la kijana, mmoja mmoja, tukianzia katikati, pima maji ikiwa imekaa pale pale. Mfuko wa tatu, pima ikasogea nusu digrii. Wa nne tukasikia "ta!" kutoka ndani ya buti. Gundi ya kiwandani inayoshika ubavu wa ndani wa kifuniko ilikuwa imeachia. Kijana hakununa mara hii. Alikaa chini kwenye tairi akanyamaza. Wiki iliyofuata tulichomelea mabano kwenye boriti, tukarudia, mifuko yote sita ikakaa na pima haikusogea.

Sukuma na kwa upande pia, kwa mikono yako yote miwili. Bawa linalosimama vizuri wima lakini linayumba kushoto na kulia linahitaji miguu iliyo mbali zaidi, au kiungo cha mshazari kati yake.

"Nimepoteza kasi kwenye mnyoofu"

Kidogo ni halali. Bawa la mfano wetu, hewa ikiwa imelishika vizuri, linakula kama farasi 4 kwenye 160 na kama 7 kwenye 200. Ukiona limekula zaidi ya hapo, mara nyingi hewa imebanduka, rudi kwenye nyuzi. Sababu nyingine ni ule ukingo mdogo unaosimama wima nyuma ya bawa, aliouanzisha dereva wa mbio Dan Gurney mwaka 1971. Ni mzuri kwelikweli, ukiwa wa kimo cha asilimia 1 hadi 2 ya upana wa bawa, yaani milimita 3 hadi 5 kwa bawa la sentimita 25. Madukani vimejaa vya milimita 12 na zaidi, navyo vinakokota. Unaweza kuukata mwenyewe kwa msumeno wa chuma.

Hukumu iwe saa, isiwe spidi ya mwisho. Nimeona watu wakiondoa bawa kwa sababu ya kilomita 4 za mnyoofu, huku likiwa limewapa nusu sekunde kwenye kona mbili za kasi.

Ukihama mji

Wanaopeleka magari nyumbani wakumbuke kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi: bawa lililotoa kilo 50 hapa mchana wa joto litatoa kama 44 kule, kwa kasi ileile. Injini isiyo na taabo nayo inapumua kwa shida, kwa hiyo hiyo kasi yenyewe utaitafuta. Usikimbilie kuongeza digrii, maana mahali pa hewa kubanduka hapahami kwa sababu umepanda mlima. Mombasa na Dar hesabu inarudi karibu na ya hapa.

Gari la kijana sasa liko digrii 6 siku za kawaida, 4 akiwa na matairi mapya. Splita ya ubao aliikata mwenyewe kwenye baraza ya nyumba anayopanga, akasimama juu yake mbele yangu, kilo zake 90 zote. Mpira wa sufu nyekundu bado uko kwenye mfuko wa mlango wa dereva, na mwezi uliopita nilimwona padoki, pale magari yanapoandaliwa saketi, akimkatia nyuzi mwenye Cayman.